Haki na Hisani: Uraia Kama Nguzo ya Uhuru

Nadharia ya siasa imejengwa juu ya dhana kadhaa za msingi, na miongoni mwake uhuru, uraia na taifa hutajwa pamoja mara nyingi kiasi cha kudhaniwa kuwa ni kitu kimoja, ilhali kila dhana ina swali lake. Uhuru huhusu namna mtu anavyoishi mbele ya mamlaka. Uraia huhusu nani mwenye haki ya kudai uhuru huo na kushiriki katika kutunga sheria zinazoulinda. Na taifa huhusu sababu inayowafanya watu wasiofahamiana wajione kuwa wamoja. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba uraia ndio unaozibeba dhana hizo nyingine mbili, kwa kuwa pasipo uraia uhuru hubaki kuwa hisani, na taifa hubaki kuwa ukoo uliojifungia.

Katika mhadhara wake maarufu wa mwaka 1958, mwanafalsafa Isaiah Berlin alitofautisha uhuru hasi, yaani hali ya mtu kutozuiwa na wengine kufanya atakalo, na uhuru chanya, yaani hali ya mtu kuwa mtawala wa nafsi yake. Baadaye Philip Pettit, katika kitabu chake cha mwaka 1997 kuhusu falsafa ya kijamhuri, alieleza maana nyingine yenye asili katika fikra za Roma ya kale: mtu huru ni yule asiyeishi chini ya utashi wa mwingine. Kwa maana hiyo, mtumwa aliyejaaliwa bwana mpole, asiyempiga wala kumzuia kutembea, bado ni mtumwa, kwa sababu upole wa bwana unaweza kwisha asubuhi yoyote na hakuna mahakama ambako mtumwa huyo angeweza kuudai.

Maana hii ya tatu hudhihirika wazi katika historia ya Wamakonde wa Kwale, kusini mwa pwani ya Kenya, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kuanzia miaka ya 1930 kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Disemba 1963, watu hao hawakuhesabiwa kuwa raia wake, na wengi wa watoto na wajukuu wao walizaliwa, wakaoa na wakazikana katika nchi isiyowatambua. Mtu asiye na kitambulisho nchini Kenya hawezi kufungua akaunti ya benki, kusajili laini ya simu kwa jina lake, kupata hatimiliki ya shamba analolilima wala kupiga kura. Huenda siku nyingi zikapita pasipo mtu kumgusa, lakini askari akimsimamisha njiani na kumwachilia, ameachiliwa kwa huruma ya askari, si kwa haki yake.

Inaweza kujibiwa kwamba mtu hana haja ya uraia ili aheshimiwe, maana utu wake unatosha. Jibu hilo lina ukweli wa kimaadili, lakini Hannah Arendt, ambaye mwenyewe aliishi miaka mingi bila uraia baada ya kuikimbia Ujerumani ya Wanazi, alionyesha katika kazi yake ya mwaka 1951 kwamba watu waliobakiwa na utu wao peke yake ndio waliokosa kabisa mlinzi, kwa kuwa hapakuwa na dola iliyojiona inawajibika kwao. Ndiyo maana Azimio la Dunia la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika ibara yake ya 15, linautaja uraia wenyewe kuwa haki ya kila mtu, kwani ndio mlango wa kuzifikia nyingine.

Pingamizi zito zaidi hutoka upande wa taifa. Wapo wanaoshikilia kwamba taifa hutangulia, kwa damu, rangi au asili, na kwamba uraia hufuata baadaye kwa kuwagawia walio wake. Hoja hiyo ilitolewa Tanganyika mnamo Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, pale baadhi ya wabunge walipotaka uraia uwe wa Waafrika pekee. Julius Nyerere aliipinga vikali, akaonya kwamba watu wakianza kubaguliwa kwa rangi ubaguzi hautaishia hapo, na akaweka wazi kwamba serikali yake ingejiuzulu endapo muswada wake wa uraia ungekataliwa. Sheria iliyopita haikuuliza rangi: iliangalia mahali alipozaliwa mtu na mzazi wake, na ikawaachia wakazi wengine njia ya kuomba. Taifa lililofuata halikuwa limekwisha kuwapo likisubiri kugawa vyeti. Lilijengwa na watu waliokubaliana kwanza kuwa sawa mbele ya sheria.

Kukubali wageni hakulibomoi taifa la namna hiyo. Wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972 na kuishi Katumba, Mishamo na Ulyankulu waliifungua misitu, wakalima na kulea watoto wasiojua nchi nyingine, na Tanzania ilipowapa uraia watu zaidi ya 160,000 kati yao, ilithibitisha kisheria ushirika uliokwisha kujengwa kwa miongo mitatu na zaidi ya kazi na ujirani.

Hata hivyo, namna uraia unavyotolewa ina uzito sawa na kutolewa kwenyewe. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya mwaka 2011 ilikwisha kuweka njia ya kuwasajili watu wasio na uraia walioishi nchini tangu uhuru, pamoja na vizazi vyao. Lakini Wamakonde walilazimika, mnamo Oktoba 2016, kufunga safari ya miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi kuonana na Rais, ndipo ikatoka amri ya kuwapa vitambulisho, na wakatangazwa kuwa kabila la 43 la nchi hiyo. Matokeo yalikuwa ya haki na ya furaha, lakini njia yake ilibaki na sura ya hisani, kwa kuwa kile ambacho sheria ilikwisha kukiruhusu kilisubiri neno la mkubwa, na uraia wenyewe ukafungamanishwa na kutambuliwa kama kabila. Dola inayotaka watu wake wawe huru kweli haina budi kuuweka uraia mahali ambapo karani wa wilaya anaweza kuutoa kwa mujibu wa sheria, na mwombaji anaweza kuudai mahakamani akinyimwa, bila kumwomba yeyote amhurumie.