Mjukuu Wangu, Desa Halitakutetea Mahakamani

Mjukuu wangu, umeingia mwaka wa kwanza wa sheria. Uwe Mzumbe kule chini ya milima, uwe Chuo Kikuu cha Waislamu hapa Morogoro mjini, salamu zangu ni zilezile: hongera sana, na keti nikwambie jambo.

Nawapenda, ndiyo maana nawahofia. Kila mwaka nawaona mkishuka stendi ya Msamvu na mabegi, suti ya kwanza imekunjwa vizuri ndani. Na kila mwaka nawaona wachache wakipandia basi palepale, wamedisko, yaani wameondolewa chuoni kwa kufeli, hawajui watamweleza nini mama aliyeuza shamba.

Jambo lenyewe ni hili: soma mwenyewe, tangu wiki ya kwanza. Usisomewe. Unachoazima kichwani mwa mwenzio mwaka wa kwanza ni deni, na atakayekuja kulidai hana huruma.

Najua mnavyoishi. Mhadhiri anataja kesi sita ndani ya kipindi kimoja. Unaandika majina mbio mbio, nusu yake umeyakosea. Jioni unarudi geto Changarawe, unafungua hukumu, unakuta Kiingereza kizito, sentensi moja imejaza aya nzima. Mara mwenzio anakurushia desa kwenye WhatsApp: kurasa nne, kila kesi imefupishwa mstari mmoja. Unashusha pumzi.

Nakusihi, hapo unaposhusha pumzi ndipo pa kuogopa.

Chukua kesi moja nikuoneshe. Ni ile ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali. Desa litakwambia hivi: kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Ni kweli kabisa. Utaikariri, utaiandika, pengine utapata alama.

Lakini ifungue hukumu yenyewe, uisome hadi mstari wa mwisho. Utakuta Bi Hawa aliondoka mikono mitupu. Mahakama ilikubali kwamba kazi ya mke nyumbani ni mchango. Kisha ikaangalia mwenendo wake, ikaona mumewe alikuwa amempa fedha naye akazitapanya. Rufaa yake ikagonga mwamba.

Sasa mtu akikuuliza, "Imekuwaje mwanamke akashinda hoja na kukosa mali?" desa litakujibu nini? Desa hujua jina la kesi, halijui tumbo la kesi.

Hukumu zimejaa TanzLII, bure, unazifungua kwa simu hiyohiyo unayochekea video usiku kucha. Soma moja kwa siku, moja tu. Kisha andika kwa mkono wako: nani alimshtaki nani, walibishania nini, mahakama iliamua nini, na kwa sababu gani. Hiyo sababu ndiyo sheria yenyewe. Mengine yote ni masimulizi.

Kiingereza kikikukwamisha, usione haya. Jielezee kesi kwa Kiswahili kwanza mpaka uielewe, ndipo urudi kuiandika kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria, Kiswahili kikawa ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama. Lakini hukumu za zamani bado zinakusubiri kwa Kiingereza, na mtihani wako pia. Usijidanganye kwamba utavuka bila kukijua.

Unafikiri nakutisha? Sikiliza yaliyotokea mbele ya njia hii.

Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile mnayoiita Law School, ambayo huwezi kuwa wakili bila kuipita. Watahiniwa walikuwa 633. Waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani walikuwa 342, na 265 walifeli. Nchi nzima ilishtuka, hadi Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Dkt. Damas Ndumbaro, akaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza.

Wakubwa walibishana juu ya mitihani, walimu na vyuo. Waache wabishane. Wewe shika hili moja: wale 633 wote walikuwa na shahada mkononi. Kila mmoja alikuwa amevaa joho na kupigwa picha na wazazi. Shahada huficha ulichoruka, Law School hukifunua.

Nakusihi tena, mjukuu wangu, usiruke.

Najua pia habari ya fedha. Boom, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, likiingia, wiki mbili ni kuku na viatu, kisha mnaanza kukopana hela ya ugali. Boom la fahari huzaa njaa ya mtihani. Siku linapoingia, toa kwanza kodi ya chumba na chakula cha mwezi, ndipo utazame dukani. Na kubeti, tafadhali, usikuguse. Nimeona vijana wakibetia ada, wakashindwa kusajiliwa, wakamaliza muhula mlangoni pa ofisi wakiomba huruma.

Aliyetoka nyumba yenye shida ya kweli, na afanye kazi. Uza mboga za Mgeta, kaa kwenye kibanda cha miamala, simsemi mtu kwa jasho lake. Ila kazi iwe na saa zake, na saa za kusoma zisiguswe. Ukiona umekosa vipindi viwili kwa wiki kwa sababu ya biashara, jua biashara imeanza kukula.

Halafu usisome peke yako hadi ukauke. Tafuta wenzako watatu, mkutane kila mmoja akiwa amekwisha kusoma, mbishane. Lala usingizi. Nenda mahakamani pale Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki, ukae nyuma, usikilize mashauri. Mlango uko wazi kwa kila raia. Na ukipata sup, ule mtihani wa kurudia, sema. Mwambie mhadhiri, mwambie mshauri wa wanafunzi, tupigie simu nyumbani. Aliyeanguka na kunyamaza huanguka mara mbili. Sup moja hulipika. Sup iliyofichwa mwaka mzima ndiyo inayowarudisha watu Msamvu.

Mwisho nikwambie kwa nini naling'ang'ania hili. Milima hii ya Uluguru inajua sheria inavyoumiza. Katika miaka ya 1950 wakoloni waliwalazimisha watu kuchimba matuta kwa sheria, na mwaka 1955 Matombo pakachafuka, polisi wakamwua mtu. Mpango ule ukaachwa, lakini damu ilikwisha kumwagika.

Hata leo yuko mama huko juu mwenye shamba la ukoo, ardhi iliyopita upande wa mama kama desturi ya Waluguru. Siku moja atashuka na karatasi ya wito mkononi, hajui imeandikwa nini. Atakuja kwako kwa sababu wewe ndiye mtoto wetu aliyesoma sheria.

Kama mwaka wa kwanza ulisoma kwa desa, atakayelipa deni lako si wewe, mjukuu wangu. Ni yule mama. Wewe utarudi ofisini, yeye atarudi kwenye shamba ambalo si lake tena.

Kwa hiyo leo usiku, kabla hujaomba desa la mtu, fungua hukumu moja. Anza ukurasa wa kwanza, ufike wa mwisho. Kesho fanya hivyohivyo. Nakusihi, fanya hivyohivyo mpaka mwaka uishe.