Kumfungia Chura na Samaki Ndani ya Kioo

Imezuka katika miji desturi ya kutengeneza nyumbani sanduku la kioo, nusu yake maji na nusu yake nchi kavu, humo wakatiwa samaki wadogo na vyura, pamoja na kangaga na majani mengine yapendayo unyevu, likawa pambo la ukumbi na mafunzo kwa watoto. Wengi hawaoni kuwa jambo hili lina suala lolote. Lakini mtu wa Karatu, ambaye msitu wa Ngorongoro u juu ya mashamba yake na vyura huimba vijitoni usiku wa masika, akitaka kutengeneza sanduku hili yampasa aulize kwanza: ana haki gani ya kumtoa kiumbe katika maji yake na kumweka katika maji ya mkono wa mtu?

Asili ya jambo ni kujuzu. Katika Bukhari na Muslim imepokewa khabari ya Abu Umair, mtoto mdogo nduguye Anas bin Malik, aliyekuwa na kindege akicheza nacho, na Mtume (s.a.w.) hakumkataza. Wanavyuoni wakatoa humo kuwa kumweka kiumbe nyumbani si haramu. Lakini hao hao wamepokea khabari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka: alimfunga asimlishe, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhi. Kosa lake lilikuwa kuziba milango miwili pamoja. Basi mwenye kumfungia kiumbe mlango wa ardhi amejilazimisha kumfungulia mlango wa mkono wake, kila siku, hata siku ya safari na siku ya ugonjwa. Tena chura ana khabari yake peke yake: tabibu mmoja aliuliza juu ya kumtia chura katika dawa, na Mtume akakataza kumwua. Ikiwa haikufaa kumwua kwa ajili ya dawa, ambayo ni haja, itafaaje kumwua kwa ajili ya pambo?

Na katika masanduku haya viumbe wengi hufa kwa ujinga wa mwenye nyumba, naye akidhani anawapenda. Chura hunywa kwa ngozi yake, na sehemu ya pumzi zake hupita humo humo. Maji ya bomba yenye klorini humdhuru yeye na samaki, kwa hivyo huachwa wazi siku moja au mbili kabla ya kutiwa. Uchafu wa samaki hutoa amonia, nayo ni sumu. Bakteria waigeuzao hukaa juu ya changarawe na mawe, na huchukua majuma kadha wa kadha kuenea. Mwenye pupa hutia maji asubuhi na samaki jioni, kisha huanza kuzika. Ukingo wa nchi yapasa uwe mteremko, kwani chura naye hufa maji akikosa pa kupandia. Watu hucheka wakiambiwa haya. Samaki mkubwa humla kiluwiluwi, na chura mkubwa humla samaki. Jua la adhuhuri likipiga kioo, maji huwa moto kama ya chai. Tena chura hataki ila kinachotikisika, nyenje au nzi aliye hai. Asiyestahimili kuona hayo asimfuge.

Kumchukua chura wa Ngorongoro ni jambo zito zaidi. Nchi hiyo imehifadhiwa tangu mwaka 1959, na kutoa mnyama humo bila ya ruhusa ni kosa. Msitu wake hunasa mawingu, na chemchemi zake hunywesha Karatu na kuteremka mpaka Ziwa Manyara. Basi kilichomo ni amana ya watu wengi. Wala asichoke naye kisha akamtupa kijitoni, kwani chura aliyefungwa huweza kurudi na maradhi.

Atasema msemaji: mbona kioo kimewahi kuokoa? Ni kweli. Mwaka 1996 waligunduliwa vyura wadogo katika korongo la Kihansi, milima ya Udzungwa, waishio katika manyunyu ya maporomoko, wazaao watoto kamili bila ya viluwiluwi. Maji yalipogeuzwa kwa ajili ya umeme, manyunyu yakakatika, na mwaka 2000 vyura 499 wakapelekwa Marekani kuwekwa katika vioo. Huko nako wakafa wengi mno, mpaka watunzaji walipojifunza hali yao. Korongoni ukaonekana ugonjwa wa kuvu mwaka 2003, na mwaka 2009 ikatangazwa kuwa hawapo tena porini. Mwaka 2010 vyura 100 wakarudishwa Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kuachiliwa korongoni, yalikokwisha kutiwa mabomba ya kunyunyiza maji. Kioo hicho kilikuwa ni kulipa deni, kwani binadamu ndiye aliyeondoa mvua yao. Mwenye ukumbi wa Karatu hana deni hilo. Chura wake anayo mvua yake.

Akitaka kuwatazama na kuwaonyesha watoto, na achimbe uani kidimbwi kisicho kifuniko, chenye kingo za mteremko, apande majani pembeni. Samaki wadogo wachache wa halali yake watakula viluwiluwi vya mbu, na upande mmoja uzibwe kwa mawe wasipite, ili viluwiluwi vya chura vipate pa kukulia. Masika yakija, chura atakayekuja atakuja kwa miguu yake, na atakayeondoka ataondoka.