TAA YA MTUMBWI NI YA NANI?



Wengi wetu tunaosoma kijarida hiki, hapa Ediofe na katika makambi ya Arua na Koboko, tulifika Uganda kwa miguu. Kuna waliopita Vurra, kuna waliopita Oraba, godoro kichwani na mtoto mgongoni. Lakini wamo pia kati yetu waliokuja kwa maji, wakivuka Ziwa Albert usiku. Mimi ni mmoja wao. Leo nawaomba tutafakari pamoja swali moja nililolitoa ziwani, ambalo mpaka sasa halijaniacha: mtu anayesafiri gizani kati ya watu wengi, ana deni gani kwa wale asiowaona?

Ziwa lisilolala

Asiyelijua Ziwa Albert hudhani kwamba usiku ni tupu. Sivyo. Lina urefu wa kilometa 160 hivi na upana wa kilometa 30 hivi, Uganda upande huu na Kongo upande ule, na usiku usio na mwezi linajaa watu. Huo ndio wakati wa kuvua muziri na ragoge, samaki wadogo wanaoanikwa na kuuzwa sokoni. Samaki hao hufuata mwanga. Mbalamwezi iking'aa, taa haiwavuti. Kukiwa giza, wavuvi huwasha taa na kuziacha zielee juu ya maji. Zamani zilikuwa karabai za mafuta, siku hizi nyingi ni taa za betri. Ukiwa mbali, kwa mfano upande wa Panyimur, utadhani kuna mji katikati ya ziwa.

Katikati ya taa hizo hupita boti za mizigo, boti za abiria, na nyakati za vita hupita wakimbizi. Mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018, vita vilipowaka Djugu katika Ituri, makumi ya maelfu ya watu walivuka. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilieleza wakati ule kwamba boti nyingine za uvuvi zilibeba watu zaidi ya 250, na safari iliweza kuchukua hata saa kumi.

Ziwa hilo linajua kuua. Tarehe 22 Machi 2014 boti iliyowabeba wakimbizi waliokuwa wakirudi Kongo kutoka Kyangwali ilipinduka, na serikali ya Kongo ilitangaza kwamba watu 251 walikufa. Krismasi ya 2016 vijana wa Buliisa waliokuwa wakienda kucheza mpira pamoja na mashabiki wao walizama. Walikufa watu 30 hivi. Tukumbuke roho zao katika sala zetu.

Tochi mfukoni

Mimi nilivuka mwezi wa pili 2018. Tuliondoka upande wa Tchomia baada ya giza kuingia. Boti yetu ilikuwa ya mbao, yenye mashine moja nyuma, na tulijaa hata maji yakabaki kiganja kimoja tu chini ya ukingo. Nahodha alikuwa kijana ambaye hata jina lake sikulijua. Alitoa amri moja: hakuna kuwasha taa. Tuliogopa watu wenye silaha. Mimi aliniweka mbele kabisa, akaniambia, "Baba, wewe utakuwa macho yangu." Mfukoni nilikuwa na tochi yenye betri mpya.

Baada ya saa nne au tano tulikuwa mbali sana na Kongo. Hakuna aliyeweza kutufuata tena. Ningeweza kumwuliza nahodha kama sasa naweza kuwasha. Sikuuliza. Nilijiambia kwamba betri zitatufaa tukifika ng'ambo, na tena hofu ilikuwa bado imenikaa kifuani.

Tukaingia katika taa za wavuvi. Niliona taa moja mbele yetu, nikapunga mkono wa kulia, maana yake tupite kuume kwa taa ile. Nilidhani kwamba taa ilipo ndipo mvuvi alipo. Kumbe taa ilikuwa inaelea peke yake, na mtumbwi wa wavuvi ulikuwa umekaa gizani kando yake, upande uleule niliouchagua. Nilisikia mtu akipiga kelele, kisha mbao kugonga mbao, kisha maji.

Boti yetu iliyumba lakini haikupinduka. Nyuma yangu watu walilia, "Twende! Twende! Tukigeuza tutazama wote!" Nahodha alisita. Ndipo mama mmoja mzee, aliyekuwa ameketi juu ya magunia, akasema, wala si kwa sauti kubwa, "Wanangu, hao nao ni wana wa watu."

Nahodha akazima mashine. Katika kimya kile tukasikia mtu anaita. Nikatoa tochi. Tukawaona wanaume wawili wameshikilia mtumbwi wao uliopinduka. Tuliwaamuru watu wetu wote wakae chini wasisimame, tukawavuta mmoja baada ya mwingine. Wavu wao ulikuwa umekatika. Mkubwa wao, akiwa bado anatetemeka, aliitazama tochi mkononi mwangu, akaniuliza, "Mzee, hii ilikuwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Wenzao walikuja na mtumbwi mwingine, wakawachukua. Kisha wavuvi haohao, ambao tulikuwa tumewaharibia kazi yao, wakatutangulia na taa kati ya nyavu mpaka njia ikawa wazi. Alfajiri tulitua Sebagoro.

Nani mwenye kosa?

Nimelizungusha jambo hili moyoni kwa miaka mingi. Mtu anaweza kusema wavuvi nao walikuwa na kosa. Walikuwa na taa, lakini ilikuwa ya kuita samaki. Haikuwaambia watu mahali walipo. Mtumbwi wenyewe waliuacha gizani. Na walisikia mashine yetu, ingawa sauti usiku juu ya maji hudanganya, huwezi kujua vizuri inatoka wapi. Basi wao walikuwa na sababu na sisi tulikuwa na sababu. Lakini sababu mbili nzuri zilikaribia kuua watu wawili.

Mwaka 1972 mataifa yalikubaliana juu ya kanuni za kuzuia vyombo kugongana baharini, nazo zilianza kutumika mwaka 1977. Zilitungwa kwa ajili ya bahari, lakini hekima yake yafaa hata ziwani. Chombo chenye mashine huonyesha taa nyekundu upande wa kushoto, ya kijani upande wa kulia, na nyeupe, ili mwingine ajue kinaelekea wapi. Mtumbwi mdogo wa makasia, usio na taa hizo, hauachwi bure: mwenyewe lazima awe na tochi au taa nyeupe tayari mkononi, aionyeshe mapema kabla ya kugongana. Na kila chombo, kikubwa kwa kidogo, kiwe na mlinzi anayetazama kwa macho na kusikiliza kwa masikio wakati wote.

Niliposoma hayo nilielewa swali la yule mvuvi. Tochi yangu isingenionyesha ziwa. Mwanga wake ni mdogo mno, na tena huyapofusha macho yaliyozoea giza. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kumwambia mwingine, "Mimi nipo hapa, jihadhari." Nami niliihesabu kuwa mali yangu, niitunze kwa ajili ya haja zangu. Taa ya mtumbwi iko mkononi mwangu, lakini ni ya yule asiyeniona.

Je, kujificha ni dhambi?

Hapa wengine mtaniambia, "Ndugu, wewe unatuhukumu. Sisi tulizima taa ili tusiuawe." La, siwahukumu. Mama yake Musa alimficha mtoto wake miezi mitatu, halafu akamweka katika kisafina kandokando ya mto, na Maandiko hayamlaumu. Kumficha asiye na hatia mbele ya muuaji ni kazi ya upendo. Nahodha wetu alifanya vema kuzima taa karibu na ufukwe ule.

Lakini angalieni jambo moja katika habari ile ya Musa. Dada yake alisimama mbali akitazama yatakayompata mtoto. Anayejificha anaongezewa kazi ya kukesha. Ukiwa umezima taa, hujapata ruhusa ya kwenda kasi na kulala. Umejitwika mzigo wote wa kumkwepa mwenzako, maana yeye hawezi kukukwepa tena. Basi punguza mwendo, zima mashine mara kwa mara usikilize, weka macho mbele. Na hatari ikiisha, washa.

Kosa langu lilikuwa hapo. Adui alibaki nyuma, lakini mimi niliendelea kujificha mbele ya watu ambao hawakunitendea ubaya wowote. Hofu iliyoniokoa saa ya kwanza ndiyo iliyokaribia kuua saa ya tano.

Haki ya njia

Kanuni zile zina fundisho jingine ambalo naona latuhusu sana. Vyombo viwili vikikutana na njia zao zikakatana, mara nyingi kimoja hupewa haki ya kuendelea na njia yake, na kingine hutakiwa kupisha. Lakini yule mwenye haki akiona kwamba mwenzake hapishi, na hatari imefika, naye pia lazima afanye awezalo kuzuia ajali. Haruhusiwi kusema, "Haki ni yangu," akasubiri kugongwa. Maji hayamuulizi mtu anayezama kama alikuwa na haki.

Wapendwa, makambi yetu nayo ni maji yenye watu wengi. Mkimbizi husema, "Sisi tumepoteza vyote, wenyeji watupishe tukate kuni." Mwenyeji husema, "Ardhi ni yangu, niliwagawia, mgeni anipishe." Kila mmoja ana haki yake, na ni ya kweli. Lakini mbuzi akiingia katika shamba la muhogo, au kukiwa na msongamano kwenye bomba la maji, ni nani atakayegeuza kwanza? Nawaambia, ni yule aliyeiona hatari mapema. Kuona mapema ni neema, na neema hiyo ina kazi yake. Na ukigeuza, geuza waziwazi, mwenzako aone. Nahodha anayegeuza kidogo kidogo gizani humchanganya mwenziwe, hata wote wawili wakageukia upande mmoja.

Yako pia mambo madogo. Kijana wa boda anayepita usiku bila taa ili asimalize balbu, na huku barabarani kuna akina mama wanaotoka kwenye maombi, ana tochi mfukoni kama mimi. Jirani ambaye ana ugonjwa wa kuambukiza nyumbani naye anaficha kwa aibu, vivyo hivyo. Na sisi tulioishi miaka mingi pamoja bila kusalimiana, kwa sababu ya kabila la mtu na yaliyotokea kule nyumbani, bado tunasafiri na taa iliyozimwa ingawa ufukwe ule tuliuacha zamani.

Wote 276

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 27, tunasoma safari ya Mtume Paulo kwenda Roma. Usiku wa kumi na nne wa dhoruba mabaharia walihisi kwamba nchi iko karibu. Walipima kina cha maji, wakapima tena, wakaona kinapungua. Wakatia nanga nne, wakaomba kupambazuke. Hiyo ni hekima ya usiku: pima, simama, ngoja mwanga. Lakini mabaharia wenyewe walijaribu kukimbia kwa siri na mtumbwi mdogo, wakiwaacha abiria. Paulo aliwaambia akida na askari kwamba hao wasipobaki, wengine hawataokoka. Askari wakazikata kamba, mtumbwi ukaenda zake. Walikuwa watu 276 ndani ya meli ile, na wote walifika pwani salama.

Sikuzote najiuliza juu ya wale waliolia katika boti yetu, "Twende!" Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na watoto magotini. Hata hoja yao ilikuwa na uzito, kwa maana boti iliyojaa ikigeuzwa vibaya hupinduka. Yule mama mzee hakuwajibu hoja hiyo. Aliwakumbusha tu kwamba hesabu yao haikuwa kamili: walihesabu roho zilizokuwa ndani ya boti, wakawasahau wawili waliokuwa majini. Na nahodha alipata njia ya tatu: hakugeuza kwa kasi, hakuenda zake, alizima mashine, akasikiliza.

Mama yule sikumwona tena baada ya Sebagoro. Lakini kila ninaposhika tochi usiku namkumbuka, na namkumbuka mvuvi aliyeniuliza ilikuwa wapi. Nimeamua kwamba jibu langu liwe ni kuiwasha.

Amani ya Kristo iwe nanyi nyote.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya ndogo ndogo

1. Ni hofu gani niliyokuja nayo kutoka nyumbani, ambayo hapa haina adui tena?
2. Ni nani anayeweza kuumia kwa sababu hajui kwamba mimi nipo, au hajui ninakoelekea?
3. Je, kuna ugomvi ambao mimi nina haki, lakini ni mimi ninayepaswa kugeuza kwanza?