Mungu Si Athumani, Hata Kwako Wewe

Githurai 45 injili haingoji Jumapili. Huhubiriwa ndani ya matatu kabla haijashika barabara kuu ya Thika, husikika sokoni kando ya reli, na jioni vipaza sauti vya makanisa ya mabati hushindana. Katika matatu moja nilimsikia mhubiri akiwahakikishia abiria kwamba adui zao wataumbuka, wao wainuliwe, kwani "Mungu si Athumani." Watu wakaitika amina. Mimi nilinyamaza.

Methali hii, yaani Mungu hapendelei, imegeuzwa fimbo ya kumtishia jirani. Kwamba ni faraja ya mnyonge, sibishi. Aliyedhulumiwa na aishike kwa mikono miwili. Ninachobisha ni kuitamka huku ukijiona wewe ndiye kipenzi. Asiyependelea hakupendelei hata wewe. Mwenye nyumba aliyekufungia mlango kwa kodi ya mwezi mmoja anaitwa kwenye wokovu uleule, kwa masharti yaleyale: atubu, aamini. Na toba yake iwe na vitendo. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne. Lakini akitubu, atapokewa, upende usipende.

Yona alilijua hili kuliko sisi. Hakukimbilia Tarshishi kwa kumwona Mungu katili. Alikimbia kwa sababu alimjua ni mwenye huruma, na huruma hiyo ingewafikia Waninawi, watesi wa watu wake. Walipotubu wakasamehewa, nabii alikasirika hadi akaomba kufa. Kitabu chake kinaisha kwa swali la Mungu juu ya mji wenye watu zaidi ya 120,000, na jibu la Yona hatuambiwi. Petro naye, mtume kamili, alihitaji maono ndipo akubali kuingia nyumbani kwa Kornelio, akida wa Kirumi. Kama kwao ilikuwa vigumu hivyo, sisi wa amina za haraka tumelielewa lini?

Na wale wanaosema ukipanda mbegu ya shilingi elfu moja utaombewa kwanza? Huyo wanayemhubiri ni Athumani hasa, na ana nambari ya M-Pesa.

Basi, ndugu msomaji, kabla hujaitamka methali hii tena, mtaje kimoyomoyo yule usiyetaka aokoke, kisha umwombee. Ukishindwa, iache methali ya watu.