Naweza, Mjukuu Wangu

Marko 8:22–26

Bibi mmoja wa usharika wetu alipopangiwa siku ya kuondolewa mtoto wa jicho, hakuuliza gharama. Alinivuta pembeni baada ya ibada akaninong'oneza: “Baba Mchungaji, waambie wanilaze kabisa. Nasikia jicho linatolewa nje, linaoshwa, linarudishwa.”

Jicho halitolewi. Kinachotolewa ni lenzi iliyoingia ukungu, na mahali pake hupandikizwa nyingine ndogo. Lakini hofu ya namna hiyo haiondolewi na maneno ya mchungaji, basi nikamsindikiza kliniki.

Daktari alikuwa binti wa rika la wajukuu zake. “Bibi,” alisema, “naweza kukutia ganzi ya matone tu. Huchomwi, ila utaona mwanga, na jicho linaweza kucheza usipotulia. Au nikuchome sindano kando ya jicho. Mara chache sana huleta shida, kama damu kuvuja nyuma yake, lakini jicho linalala, ingawa bado linaweza kuona mwanga. Nusu kaputi tunawapa zaidi watoto na wasioweza kutulia. Kwa umri wako sipendi kuuchokoza moyo bila sababu.” Kisha akauliza: “Utaweza kulala chali nusu saa bila kukohoa?”

“Naweza, mjukuu wangu.”

Jumapili iliyotangulia alikuwa amekohoa tangu wimbo wa kwanza hadi baraka. Nikamtazama. Akashika ncha ya kanga yake, akaikunja, akaikunjua.

“Usiku ndiyo kinanibana,” akasema.

Siku ikasogezwa mbele, kifua kikatibiwa kwanza, na yeye mwenyewe akachagua sindano.

Nimekuwa nikilisoma somo la Bethsaida tofauti tangu siku ile. Yesu anamshika kipofu mkono, anamtoa nje ya kijiji, anamgusa, kisha anamuuliza kama anaona kitu. Yule mtu angeweza kujibu “naona, Bwana” kwa adabu tu, akaenda zake akijikwaa. Akasema kweli: anaona watu, lakini wanafanana na miti inayotembea. Baada ya jibu hilo aliguswa mara ya pili. Nashuku sala zetu nyingi, zangu zikiwemo, ni “naweza, mjukuu wangu.”

Kuchagua ganzi ni neema ya juzi tu. Hadi mwaka 1884, daktari kijana wa Vienna, Carl Koller, alipoonyesha kwamba matone ya kokeini hulitia jicho ganzi, wengi walipasuliwa macho wakiwa wameshikwa kwa nguvu. Bibi naye alishikwa, ila kwa namna nyingine: muuguzi alimpa mkono chini ya shuka, akamwambia aubane kikohozi kikija. Aliubana mara moja. Daktari akasimamisha kazi, akasubiri, akaendelea.

Kesho yake bandeji ilipofunguliwa, Bibi alinikodolea macho muda mrefu, kisha akasema, “Kumbe umezeeka hivi.”

Wenye miadi ya macho wiki hii, tuonane mlangoni baada ya ibada, nitakwenda nanyi. Mwenye kikohozi, mwenye kisukari, anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, asiyeweza kulala chali: mwambieni daktari kabla hajauliza.