Jembe la Mgeni

Mbwa alifika kwetu Nyabibuye Desemba 2021, nyuma ya pikapu nyeupe, kamba ya rangi ya machungwa ikiwa shingoni. Kambi ya Mtendeli ilikuwa inafungwa, wakimbizi wa Kirundi wanahamishiwa Nduta, na wafanyakazi wa mashirika walikuwa wanafungasha. Waliuza majiko ya gesi, magodoro, viti vya plastiki. Mmoja wao, mgeni kutoka Ulaya ambaye nilimfanyia ukalimani kwa miezi minne, alikuwa na kitu kisichouzika. Alinipigia simu kuuliza kama kwetu kuna nafasi ya mbwa. Sikumuuliza baba wala mama. Nilisema ipo.

Nalitaja hilo mapema kwa sababu mengine yote yametoka katika neno hilo, na neno lilikuwa langu.

Alikuwa dume la miaka miwili, rangi ya udongo wetu baada ya mvua, kifua kama cha ndama. Mgongoni alikuwa na mstari wa nywele zilizolala kinyume na nyingine zote, kuelekea kichwani, hivyo hata akiwa amelala alionekana kama kuna jambo limemkasirisha. Aina yake inaitwa Rhodesian Ridgeback. Baadaye nilisoma kwamba walowezi wa kusini mwa Afrika walichanganya mbwa wao na mbwa wa Wakhoikhoi, na mstari ule wa mgongoni ulitoka kwa hao wa Wakhoikhoi. Mwaka 1922, kule Bulawayo, wafugaji waliandika sifa rasmi za mbwa huyu. Kazi yake ilikuwa simba. Si kumuua, bali kumzunguka, kumbughudhi, kumzuia asiondoke mpaka mwenye bunduki afike. Kwa hiyo mgeni wetu hakuwa mgeni kihivyo; babu yake wa mbali alikuwa wa bara hili hili, akarudi na jina la kizungu.

Jina alilokuja nalo lilikuwa Duke. Kijiji kililijaribu kwa wiki moja kikaishia kwenye "Diuki", na watoto wakawa wanacheka wakiliita. Baba ndiye aliyempa jina la Mgeni. Jioni ya siku ya tatu alisimama mlangoni, akamtazama akilamba sufuria, akasema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Haya, jembe la huyu liko wapi?"

Tulicheka. Mama hakucheka sana, kwa sababu sufuria ilikuwa yake. Mbwa wetu wa kawaida hula makombo na kujitafutia. Hakuna anayewapimia unga. Mgeni alikuwa na uzito wa kilo karibu 40 na alikula ugali wa watu wawili, na bila kichwa cha dagaa ndani yake alinusa tu akageuka. Mama aliyejua debe la mahindi linaisha siku gani, alianza kukosea hesabu. "Mwanangu," aliniambia, "huyu anakula ada yako." Hakuwa anatania. Mwaka ule nilikuwa nakusanya pesa za kuomba shahada ya uzamili.

Lakini chakula hakikuwa shida kubwa. Shida ilikuwa miguu. Mbwa wa namna hii ametengenezwa kukimbia kutwa nzima akimfuata mnyama, na kumtembeza hadi kisimani na kurudi ni kama kumwonyesha mwenye njaa picha ya wali. Hatukuweza kumwachia. Kwetu kuna mbuzi, kuku na watoto, na uzio wa minyaa haumzuii mbwa anayeruka kimo cha mtu. Basi mchana alifungwa kwa mnyororo chini ya mwembe. Baada ya mwezi palikuwa na duara la udongo mtupu kuuzunguka mwembe ule, upana wake sawasawa na urefu wa mnyororo, limekanyagwa mpaka likawa gumu kama sakafu. Mama alilifagia kila asubuhi pamoja na uwanja. Mimi nilikuwa nalipita nikienda kuoga na sikutaka kulitazama.

Babu alikuja kututembelea, akaketi kwenye kigoda akiliangalia duara. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Mmemfunga mwindaji kama mbuzi."

Babu aliwinda ujanani. Alitusimulia mbwa waliovishwa njuga shingoni, ili kwenye nyasi ndefu watu wafuate mlio wakati macho hayaoni kitu. Mnyama akianguka, mbwa walipewa fungu lao pale pale, kabla nyama haijaanza safari ya nyumbani. Mwenye choyo aliyewanyima, alisema, siku nyingine aliwatuma vichakani wakamtazama tu. Nilimuuliza kama waliwapenda mbwa wao. Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa kama anapenda shoka. "Kuwapenda? Tuliwalipa."

Leo hakuna wa kumlipa Mgeni kwa kazi hiyo. Upande wa mashariki kuna Pori la Akiba la Moyowosi, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 haimruhusu mtu kuwinda bila leseni. Sisemi sheria ni mbaya. Wanyama wangekuwa wameisha. Nasema tu kwamba baba aliuliza swali akitania na jibu lilikuwepo. Jembe la mgeni huyu lilikuwa kosa la jinai.

Oktoba 2022 nilienda Dar es Salaam kusoma falsafa. Kwenye semina ya maadili tulizungumza juu ya wanyama, nami nilikuwa na mengi ya kusema. Tulisoma ule uhuru wa aina tano ambao baraza la ustawi wa mifugo la Uingereza liliuorodhesha 1979: kutokuwa na njaa na kiu, kutopata karaha, kutopata maumivu na magonjwa, kutoishi kwa hofu, na kuwa huru kuishi kwa tabia ya asili. Niliandika insha juu ya huo wa mwisho. Nilipata A. Kwenye insha kulikuwa na mbwa fulani amefungwa chini ya mti fulani, na sikusema ni wa nani.

Nilirudi nyumbani kwa likizo mwanzoni mwa 2023. Alfajiri moja, ukungu ukiwa bado bondeni, nilimfungua.

Nimejaribu kuieleza mbio ile na nimeshindwa, kwa hiyo nitasema nilichokiona. Alisimama kwanza, mnyororo ukiwa chini, kama hakuamini. Akapiga hatua moja nje ya duara. Kisha akaondoka. Alishuka mteremko wa shamba la maharage bila kugusa chini, ndivyo nilivyoona, akageuka kule chini akapanda tena, akanipita karibu kiasi cha kunipepea kanga, akashuka tena. Nililia. Niliwaza, huyu ndiye, mwaka mzima tulikuwa tunaishi na mwingine.

Mara ya tatu hakupanda. Nilimkuta nyuma ya nyumba ya jirani yetu, mama mmoja mjane, amesimama kando ya mbuzi aliyelala shingo imepinda. Hakuwa amemla. Hakuwa na damu mdomoni zaidi ya kidogo. Alikuwa amesimama wima, masikio mbele, ananitazama mimi, anasubiri nifike. Alikuwa amemaliza kazi na anasubiri fungu lake.

Yule mbuzi alikuwa na mimba.

Mambo yaliyofuata yalienda kama yanavyoenda kijijini. Mwenyekiti wa kitongoji aliitwa, wazee wakakaa, baba akaomba radhi na kulipa mbuzi wawili, mkubwa na yule wa tumboni. Vijana wawili walijitolea kummaliza mbwa jioni ile ile, bure. Mfanyabiashara mmoja wa Kasulu, aliyesikia habari zake siku nyingi, alituma mtu na pesa taslimu. Alimtaka alinde ghala. Pesa zile zingerudisha mbuzi na kubakiza. Mama alisema auzwe. Baba alinigeukia mbele ya watu wote. "Wewe ndiye msomi. Sema."

Nilikuwa na ya kusema, tena mengi. Kant, katika mihadhara yake ya maadili, alifundisha kwamba hatuna wajibu wa moja kwa moja kwa mnyama; anayemtesa mbwa anauharibu utu wake mwenyewe, na ukatili huo utawafikia watu. Lakini humo humo anatoa mfano wa mbwa aliyemtumikia bwana wake kwa uaminifu mpaka akazeeka, na anasema bwana huyo anapaswa kumtunza hadi afe, kwa kuwa utumishi ule unafanana na ule unaostahili ujira kwa binadamu. Ni hoja ambayo Babu angeielewa bila kusoma. Ila mbwa wa Kant anadai pensheni. Mgeni angedai nini? Kazi aliyozaliwa nayo tulimkataza, kisha tukamhesabu mlaji. Bentham, katika kitabu kilichotoka 1789, hakujali utumishi. Aliuliza tu kama mnyama anaweza kuumia. Hapo Mgeni ana nafasi. Lakini hapo hapo na mbuzi ana nafasi, na yeye alikuwa ameumia zaidi.

Kabla sijafungua mdomo, yule mama jirani alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, bila hasira, "Mwanangu, wewe ulitaka kumwona akikimbia. Mbuzi wangu ndiye aliyelipa."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiirudia hesabu ile. Yule mgeni wa Ulaya alimpenda mbwa wake, na upendo wake ulilipwa na mimi kwa kusema "ipo". Ukarimu wangu ukalipwa na mama kwa mahindi, huruma yangu ikalipwa na baba kwa mbuzi wawili, na yule jirani akalipa bila hata kuulizwa. Mbwa naye alilipia usalama wa kijiji kwa duara chini ya mwembe. Kila mmoja alikuwa mwema, na kila wema ulikuwa na bili iliyotumwa nyumba ya pili. Kwenye insha yangu niliuliza kama ni haki kumfuga mbwa wa mawindo pasipo mawindo. Sikuuliza ni nani ataamka alfajiri.

Rafiki yangu wa bwenini anasema swali lote ni la kifahari: kuna watu wanaoishi kwa mgao wa chakula, na mimi naandika kuhusu mbwa. Sina jibu safi kwake. Najua tu kwamba Mgeni hakuja kwa sababu tulikuwa na ziada. Alikuja kwa sababu nilisema neno, na mtu hawezi kulirudisha neno kwa kuwaonyesha wenye shida kubwa zaidi.

Nilisema asiuawe, na asiuzwe, maana ghalani angefungwa kwa mnyororo mpaka kufa. Baba alitikisa kichwa polepole. "Basi miguu itakuwa yako."

Wiki tatu zilizobaki nilikimbia naye. Saa kumi na moja alfajiri, suruali ndani ya kanga, kamba ya katani nimeizungusha mara mbili kiunoni kwa sababu mikono haikutosha, tulishuka bondeni na kupanda upande wa pili mpaka karibu na barabara. Wanawake waliokuwa wanakwenda shambani walisimama na majembe yao begani. Mmoja aliuliza nakimbizwa na nini. Babu alinipa njuga, ya chuma, imeshika kutu, akacheka mpaka akakohoa kuona msichana ameshika kamba ya mbwa wa mawindo. Tuliifunga, ili watu wasikie na kuwashika mbuzi wao mapema. Afisa mifugo wa kata alimchanja kichaa cha mbwa. Mgeni alianza kulala mchana. Duara likaanza kuota nyasi ukingoni.

Kisha likizo ikaisha, nikapanda basi.

Sikumwomba mdogo wangu. Natamani ningekuwa nimemwomba, kwa kuwa angalau angepata nafasi ya kukataa. Alikuwa kidato cha pili. Mama alimwamsha saa kumi na nusu Jumatatu iliyofuata, akampa kamba, na kesho yake tena. Nilipojua nilianza kumtumia shilingi 10,000 kila mwezi. Aliniandikia ujumbe: "Dada hii ni ya kwangu au ya mbwa?" Nilimjibu ni yake. Akaniuliza kama basi anaweza kuitumia hata siku asizokimbia. Nilikaa na simu mkononi muda mrefu kabla ya kuandika ndiyo.

Nilifika nyumbani tena Agosti usiku, basi limechelewa. Asubuhi nilijiamsha mapema makusudi, nikavaa suruali, nikaenda mwembeni kabla mtu hajaamka. Mgeni alisimama aliponiona. Aliruhusu nimfungue, akaninusa mkono kwa adabu, njuga ikalia kidogo. Nikavuta kamba. Hakusogea. Alikuwa anatazama mlango wa jikoni, masikio mbele, anasubiri mdogo wangu atoke.