Umelamba Dume, Unaficha Nini?

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisi watu wa mjini tumeipokea methali hiyo, tukaitia chumvi yetu: kizuri kifiche kabisa, mpaka mwenzio ajilete mwenyewe. Hapa Dar, mji tulioupa jina la Bongo kwa kuamini kwamba asiye na akili za haraka hali, kuzuga kumekuwa sifa. Anayesema wazi alichonacho anaitwa mshamba. Mwenye nacho akijifanya hana, huyo ndiye mjanja. Mimi nauliza: ni ujanja kweli? Na kama ni ujanja, unamlipa nani?

Tuanze na karata, maana huko ndiko lugha yetu ya ujanja ilikozaliwa. Karata, turufu, kopa, uru, pau, shupaza: maneno hayo tuliachiwa na Wareno, nasi tukayafanya yetu. Halafu kuna mawili ambayo kila kijiwe kinayajua, dume na garasa. Mtu akipata kazi nzuri, kalamba dume. Akiuziwa redio isiyoongea, kalamba garasa.

Sasa chukua poka, mchezo unaochezwa kwenye makasino. Sitetei kamari, ndugu msomaji. Aliyepoteza kodi ya chumba mezani hahitaji insha yangu. Lakini poka ni darasa zuri la uongo. Kila mtu anazo karata zake anazozificha. Dau linawekwa raundi kwa raundi, na asiyetaka kulipa anatupa karata zake. Mwishoni anachukua rundo mwenye mkono mkubwa, au yule aliyebaki peke yake baada ya wenzake kukimbia. Kwa hiyo uongo uko wa aina mbili. Wa kwanza: una garasa, unajifanya una dume. Wa pili: una dume, unajifanya una garasa. Unapita raundi bila kuweka kitu, unakuna kichwa, unangoja wenzako wajichanganye. Huu wa pili ndio vijana wengi wanaouona mtamu kuliko asali.

Hebu tupige hesabu. Mezani kuna shilingi 1,000 na zimebaki raundi tatu. Una dume, na kila raundi unaweka dau la nusu ya rundo, mwenzako analipa. Raundi ya kwanza unaweka 500, naye 500: rundo ni 2,000. Ya pili 1,000 kwa 1,000: rundo ni 4,000. Ya tatu 2,000 kwa 2,000: rundo ni 8,000. Mfukoni mwa mwenzako zimetoka 3,500. Sasa zuga raundi moja tu, upite bila kuweka dau. Zitatoka 1,500. Zuga raundi mbili, zitatoka 500 basi. Umeona? Raundi uliyoipoteza mwanzoni huwezi kuidai mwishoni, kwa sababu rundo linakua juu ya mgongo wa rundo.

Hiyo ni hasara ya kwanza. Ya pili ni kwamba unampa mwenzako nafasi ya bure. Tuseme katika aina ile ya poka yenye karata za wazi mezani, karata tatu zimeshafunuliwa na mbili kati yake ni kopa. Naye anazo kopa mbili mkononi, anahitaji moja tu zaidi. Karata asizoziona ni 47, na kopa zilizobaki ni 9. Karata inayofuata ina karibu nafasi moja kati ya tano ya kumwokoa. Ungeweka dau, angeinunua nafasi hiyo. Umezuga, umempa sadaka. Akikupiga, utalia kwamba bahati mbaya!

Ya tatu ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu haipigi kelele. Aliyelaza dume mara nyingi bado anashinda. Anakusanya zile 500 zake huku anachekelea, na anawasimulia washikaji jinsi alivyomwingiza mtu mjini. Zile 3,000 ambazo hazikuja hazionekani popote, hazina risiti. Ndiyo maana ujanja huu haumfundishi mwenyewe. Unamla polepole, naye ananenepa kwa sifa.

Mwaka 1944, mwanahisabati mzaliwa wa Budapest, John von Neumann, pamoja na mchumi Oskar Morgenstern, walitoa kitabu kikubwa juu ya nadharia ya michezo. Humo waliichambua poka iliyorahisishwa. Jibu lao linashangaza: wa kuweka dau kubwa ni mwenye mkono bora na, mara mojamoja, mwenye mkono mbovu kabisa. Anayepita kimya ni yule wa katikati. Maana yake, uongo una kazi yake, lakini ni kazi ya garasa. Na kwa kuwa wenye garasa wapo na wanazuga, mwenye dume akitangaza waziwazi, watu wanamtilia shaka: "Aah, huyu naye anatuzuga tu!" Wanalipa. Kwenye meza ya waongo, ukweli umeshafichwa tayari. Wewe unauongezea kifuniko cha nini?

Toka mezani uje Kariakoo, Mtaa wa Kongo. Kila mtu anapiga kelele kwamba mali yake ndiyo yenyewe. Katikati ya kelele hizo, fikiria mwenye duka ambaye kitenge chake kizuri amekiweka chini ya kaunta, na kile hafifu kinaning'inia mlangoni. Anangoja mteja mwenye sura ya pesa ndipo akitoe kwa madoido. Mama anapita, anashika cha mlangoni, anakunja uso, anakwenda duka la pili. Hakugombana na mtu wala hakusema mali mbaya. Kaondoka tu, na mwenye duka hatajua kamwe kwamba alikuwa na pesa mkobani.

Mwaka 1983 nchi ililiona jambo hili kwa ukubwa wake. Bidhaa zilikuwa adimu, na walikuwapo waliozificha wakingoja bei ya siri. Serikali, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ikaanzisha msako wa wahujumu uchumi. Wapo walioamua kutupa mali zao wenyewe ili zisikutwe. Siwahukumu wote; bei zilipangwa na Serikali, na mwenye duka naye ana watoto. Lakini mali hiyo, iliyokuwa dume kweli, mwisho wake haikumlisha mwenye nayo wala jirani.

Wazee wetu wa bao walilijua hili. Bao lina mashimo 32 na kete 64, zote ziko wazi, na sheria ni kali: ukiwa na mtaji, lazima ule. Huruhusiwi kutakata huku una cha kula.

Najua utaniambia, "Lakini bwana, kuna wakati kuficha ni akili." Kweli. Mkono wako ukiwa hauwezi kupitwa tena, na mwenzako ni mtu wa papara anayependa kuweka dau mwenyewe, mwachie kamba. Na mnunuzi asiyeonyesha noti zake kabla ya bei kufika mahali pake simlaumu. Dawa yake ina kipimo. Ninayemsema ni yule aliyefanya kuzuga kuwa tabia, anayezuga hata pale ukweli ungemlisha.

Hapo ndipo swali linapokuwa la maadili. Mwenye garasa anadanganya kwa sababu ukweli utammaliza. Tunaweza kumwonea huruma. Mwenye dume anadanganya kwa nini? Si kwa pesa, tumeshapiga hesabu. Anataka ile dakika ya mwisho, akifunua karata, aione sura ya mwenzake ikianguka. Anatoa 3,000 kununua sura iliyofadhaika. Huo si ujanja tena, ni ulevi. Na ukizoea ulevi huo huwezi kuishi na watu vizuri, maana rafiki, mchumba na mshirika wa biashara wote wanakuwa watu wa kushtukizwa.

Sisi tunaoandika tusijitoe. Wangapi wana hadithi nzuri chini ya godoro, na kwa mhariri wanapeleka garasa "kumpima kwanza"? Eti nzuri itaibwa, eti siku yake itafika. Marehemu Ben Mtobwa alianzisha kampuni yake ya Heko, na riwaya zake zikatoka humo, ikiwemo Dar es Salaam Usiku mwaka 1990. Alipeleka vitabu mtaani, watu wakasoma. Mhariri aliyesoma garasa lako hajui kuna kingine chini ya godoro. Atakachokikumbuka ni jina lako na garasa lako.

Mficha uchi hazai. Kama unayo nzuri, iweke mezani raundi hii.